Mita makumi tatu juu ya chemchem: kazi ya watu wa usafi wa zone ya afya, na kazi yetu wakulima



Katika gazeti hili tumezoea kuwaongelesha juu ya mbegu, ugonjwa wa migomba, mihogo na bei ya kahawa. Leo tunaongea juu ya maji ya kunywa. Tunajua kuna mwenye atasema: "Hayo ni mambo ya waganga, siye ni watu wa jembe." Tunamjibu hivi: katika milima yetu ya Kivu, chemchem haitoki hewani. Inatoka chini ya shamba la mtu. Kile mnachoweka katika lile shamba, iwe mbolea ya wanyama, dawa ya kupompa ao choo, mvua inakishusha mpaka kwenye bidoni ya mama aliye chini. Kwa hiyo mganga peke yake hawezi kusafisha maji. Anahitaji mkulima aliye juu yake.

Kuna ofisi ya serikali yenye kazi ya kulinda maji, vyoo na usafi wa vijiji. Ofisi hiyo iko karibu na ninyi kuliko munavyofikiri, lakini koperative nyingi hazijawahi kuiandikia hata barua moja. Katika kurasa hizi tunaeleza ofisi hiyo inafanya nini, namna ya kuiita, na kwa nini kazi yake inakwama mara nyingi mahali pamoja tu: kwenye shamba lililo juu ya chemchem.

Ni nani huyo wa pikipiki?

Nchi yetu imegawanywa katika zone za afya zaidi ya 500. Zone moja ya vijijini inahudumia watu 100 000 hivi, na mara nyingi wanapita hapo. Mkubwa wake ni mganga mkuu wa zone, na ofisi yake inaitwa Bureau Central, watu wanaiita BCZ. Zone nayo imegawanywa katika aire za afya. Kila aire iko na kituo cha afya chake, na mkubwa wa kituo ni yule muuguzi munayemuita IT, infirmier titulaire. Chini yake kuna RECO, wale wajitoleaji wanaopita nyumba kwa nyumba. Kuna pia komite ya aire inayoitwa CODESA, ambamo wenye kukaa ni wanakijiji wenyewe.

Watu wengi wanaijua zone kwa chanjo, kwa uzazi na kwa malaria. Lakini ndani ya BCZ kuna pia supervizeri ao tekinisie wa maji, usafi na mazingira. Huyo ndiye munamuona siku moja moja anapita na pikipiki, na mfuko mgongoni, anaomba kuona chemchem na vyoo. Watoto wanakimbia, na wakubwa pia wengine wanajificha, juu wanafikiri amekuja kutoza amande.

Hatukatai kwamba katika vijiji vingine kuna watu waliolipishwa makuta bila risiti kwa jina la usafi. Hayo ni mabaya, na tutarudi kwayo. Lakini kazi ya kweli ya yule tekinisie si kutoza. Hizi ndizo kazi zake:

- Kukagua mahali pa kuchota maji: chemchem, visima, mifereji na bomba. Anaangalia ukuta, mfereji wa kugeuza maji ya mvua, ua, na vyote vilivyo juu yake.
- Kupima maji. Iko na kisanduku kidogo chenye vitundu viwili na kidonge. Maji yakiwa na klore, yanageuka rangi ya waridi, na anasoma kiasi.
- Kufundisha ujenzi wa choo kizuri, dale ya kufunika shimo, na mahali pa kukiweka.
- Kufuata vijiji vilivyo katika mpango wa Village Assaini wa Wizara ya Afya, ambao UNICEF imeusaidia kwa miaka mingi.
- Kuangalia usafi wa soko, wa machinjio, wa malewa na wa shule.
- Wakati wa kolera, kupanga mahali pa kutia klore katika bidoni, kunyunyizia dawa nyumba ya mgonjwa, na kutafuta ugonjwa umetokea katika maji gani.

Sasa fikirini: mtu mmoja ao wawili, pikipiki moja, mafuta ya shida, milima, na watu 100 000. Mukingoja aje mwenyewe, mutangoja sana. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza tunasema koperative iandike. Barua ya wanachama 80 wa vijiji vitatu inamrahisishia kazi: anajua atakuta watu, mawe yamekusanywa, na chefu ameambiwa.

Ugonjwa unapitia njia gani?

Kwa upande wetu wa mashariki, kolera haijawahi kututoka kabisa. Pembeni ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, huko Goma, Minova, Uvira, Fizi, Kalemie, inarudi kila mara. Wazee wanakumbuka Julai 1994, wakati kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu katika makambi ya wakimbizi pembeni ya Goma. Mtu akimeza vijidudu vya kolera, ugonjwa unaweza kutokea baada ya saa chache tu ao mpaka siku 5. Asipopata maji ya kumrudishia nguvu, anaweza kufa siku ileile.

Lakini kule milimani, mbali na ziwa, adui wa kila siku si kolera tu. Ni kuhara kwa watoto, tifoide, amiba na minyoo. Magonjwa haya hayatangazwi katika redio. Mtoto anahara leo, anapona, anahara tena wiki ijayo, anakonda, mwisho surua ao malaria inamkuta hana nguvu. Kuhara ni moja ya magonjwa yanayoua zaidi watoto wenye hawajatimiza miaka 5. Na kwa mkulima, hesabu iko wazi: mama anayelala na mtoto kituoni siku tatu katika mwezi wa 9 ao wa 2, wakati wa kupanda, shamba lake linachelewa. Maharagi yanayopandwa nyuma ya mvua hayazai sawasawa. Fedha za mbegu zinalipa dawa.

Njia ya ugonjwa ni hii: mavi ya mtu yanabaki mahali wazi ao katika choo kibaya. Mvua inayashusha. Yanaingia katika chemchem, ama katika mto unaomwagilia lenga-lenga na matomati. Mama anachota, mtoto anakunywa. Ama mkono usionawa unashika fufu. Ama nzi wanatoka chooni na kutua kwenye sahani. Mukikata njia hiyo mahali pamoja, munapunguza ugonjwa. Mukiikata mahali patatu, munaushinda.

Na mgonjwa akianza kuhara sana, musingoje. Kama hakuna pakiti ya SRO, chukueni litre 1 ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, na chumvi nusu ya kijiko kidogo, mchanganye vizuri. Anywe kidogo-kidogo njiani, huku munamkimbiza kituoni. Mtoto wa ziwa aendelee kunyonya.

Kwa nini mita makumi tatu?

Maji ya chemchem ni maji ya mvua yaliyoingia katika udongo, yakashuka polepole, yakachujwa na mchanga na udongo, mpaka yakatokea chini. Udongo ni chujio letu. Kadiri maji yanavyosafiri ndani yake, ndivyo vijidudu vinavyobaki nyuma. Lakini karibu na mahali pa kutokea, chujio linakuwa fupi. Huko, uchafu ulio juu ya ardhi unafika katika maji haraka.

Kwa hiyo watu wa usafi wanaomba choo kikae angalau mita 30 mbali na chemchem, na kikae upande wa chini, si upande wa juu. Sehemu ya chini ya shimo la choo nayo iwe angalau mita 1 na nusu juu ya maji ya ardhini. Shimo likifika kwenye maji, si choo tena, ni mfereji wa uchafu.

Sisi maagronomi tunaongeza: zile mita 30 za juu zisilimwe hata kidogo, na kupita hapo mbele zaidi mulime kwa uangalifu. Jembe linafungua udongo; mvua ya mwezi wa 11 inaushusha, maji yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Maji yenye matope yanakula klore: tekinisie anaweza kutia kiasi kile kile cha jana, na leo kisifanye kitu. Kisha kuna mambo mengine tunayoyaona tukipita mashambani:

Pompa inaoshwa kwenye chemchem. Mtu amemaliza kupompa matomati, anashuka kuosha pompa mahali maji yapo karibu. Dawa hiyo haina harufu baada ya kuchanganyika, lakini iko ndani. Oshea pompa shambani, na yale maji uyamwage katika mimea uliyoipompa. Chupa tupu isukutwe mara tatu, itobolewe, isiwekwe mafuta ya mawese wala maji ya kunywa. Hata ukiiosha namna gani.

Maji ya kahawa. Koperative zenye kituo cha kuosha kahawa zinatoa maji mengi yenye sukari na uchungu wa maganda. Yakiingia mtoni yananuka, samaki wanakufa, na walio chini hawawezi kuoga. Chimbeni mashimo ya kuyapokea, mbali na mto, na maganda muyafanye komposti. Kwa jambo hili mwiteni tekinisie wa zone kabla ya kujenga, si baada ya vijiji vya chini kuja na mapanga.

Mihogo ya kulowanisha. Kulowanisha mihogo michungu siku tatu ao nne kunatoa sumu, na hiyo ni vizuri. Lakini sumu inabaki katika maji. Shimo la kulowanisha likae chini ya mahali pa kuchota, kamwe si juu.

Mbuzi na ng'ombe. Usifunge mnyama juu ya chemchem. Mavi yake ni dhahabu, lakini dhahabu hiyo ikae katika shimo la komposti.

Mikaratusi. Kuna wanaopanda mikaratusi pembeni ya chemchem ili kuilinda. Mti huo unakunywa maji mengi, na mizizi mikubwa inapasua ukuta. Karibu kabisa na chemchem pandeni majani mafupi kama paspalum, na kuyazungushia ua.

Swali gumu: mwenye shamba atakula nini?

Hapa ndipo kazi nyingi zinavunjika, na hatutaki kupita juu ya jambo hili mbio-mbio. Mradi unakuja, chemchem inajengwa, saruji inameta, watu wanapiga makofi. Baada ya misimu miwili, jembe limerudi juu ya ukuta, mfereji umejaa udongo, maji yamegeuka. Watu wanasema: "Yule mtu ni mubaya." Lakini tukimuuliza mwenyewe, anatujibu: "Ile shamba njo inanilishia batoto. Mukisema niache metre makumi tatu, nitakula nini?"

Anasema ukweli. Kijiji chote kinapata maji, na yeye peke yake analipa kwa shamba lake. Hakuna sheria ya usafi itakayodumu kama mtu mmoja anabeba mzigo wa wote. Na amande haisaidii: atalipa leo, kesho njaa itamrudisha palepale.

Tena kuna jambo ambalo watu wa afya wengi hawalijui, lakini ninyi wakulima wa Bushi munalijua: yule anayelima si lazima awe mwenye udongo. Mara nyingi amechukua shamba kwa bwasa, kwa msimu mmoja ao miwili. Mwenye kalinzi ni mwingine, pengine anaishi Bukavu. Mukipatana na mlimaji wa bwasa peke yake, msimu ujao atakuja mwingine na jembe lake, na atawaambia: "Mimi sikuahidi mtu." Kwa hiyo makubaliano yawekwe na mwenye udongo, na anayelima akiwapo, na chefu wa kijiji akiwapo.

Na malipo? Hapa koperative inaweza kufanya kile zone ya afya haiwezi. Zone haina shamba wala mbegu. Koperative inavyo. Tumeona njia nne zinazoweza kufaa, kila kijiji kichague:

Ya kwanza, kubadilisha. Koperative yenye shamba la pamoja inaweza kumpa sehemu sawa na ile anayoacha. Hiyo ndiyo njia safi zaidi, inamaliza maneno.

Ya pili, majani ya mifugo. Baada ya zile mita 30, kule panapohitaji uangalifu, pandeni mistari ya tripsacum ao setaria kwa kufuata kontua. Majani yanashika udongo, hayahitaji kulimwa kila msimu wala kupompwa dawa. Mwenye shamba anakata na kupeleka kwa mbuzi ao nguruwe wake zizini, ao anauza mzigo kwa wenye ng'ombe. Si sawa na maharagi, lakini si bure.

Ya tatu, nguvu za mikono. Wanachama wanamlimia shamba lake lingine siku moja kila msimu, kama salongo. Watu 30 kwa siku moja wanamaliza kazi yake ya wiki mbili tatu.

Ya nne, sehemu ya mchango wa maji. Komite ya chemchem ikikusanya kidogo kwa kila nyumba kila mwezi, sehemu yake iende kwake mpaka kiasi mulichopatana, na iandikwe katika kaye.

Njia yoyote, iandikeni katika karatasi tatu: moja kwa mwenye udongo, moja kwa koperative, moja kwa IT. Waweke sahihi ao kidole mbele ya chefu. Andikeni mipaka kwa vitu vinavyoonekana: jiwe, mti, miche ya miyenzi iliyopandwa siku ileile. Maneno matupu yanakufa pamoja na mwenye kuyasema, na watoto wake watabishana na watoto wenu.

Namna ya kuita watu wa usafi

Kwanza, pimeni maji yenu wenyewe. Chukueni bidoni ya litre 20 na saa ya simu. Fanyeni hivyo mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa 8, wakati maji yamepungua. Tuseme bidoni inajaa kwa sekunde 40. Kutoka saa 11 ya asubuhi mpaka saa 12 ya jioni ni masaa 13. Kwa muda huo bomba moja litajaza bidoni 1 170. Kama kila mtu anahitaji bidoni moja kwa siku, chemchem hiyo inaweza kutosha watu 1 170, ikiwa hakuna hata dakika moja inayopotea. Kama ninyi ni 2 000, mujue mapema kwamba mutahitaji nyingine, ao tangi la kulaza maji ya usiku.

Pili, hesabuni nyumba zinazochota hapo, na vyoo vilivyo juu yake. Chorea ramani katika karatasi: chemchem, njia, mashamba, vyoo, mazizi. Hata ikichorwa vibaya, inasaidia kuliko maneno.

Tatu, andikeni barua fupi kwa IT wa aire yenu, na nakala kwa mganga mkuu wa zone. Semeni: tuko nani, tuko wangapi, maji yanatoka wapi, tunaomba nini (ukaguzi, kipimo cha maji, ushauri wa kujenga), na tutatoa nini. Mwenye kupokea aweke sahihi na tarehe kwenye nakala yenu. Kisha ombeni CODESA iweke jambo hilo katika mkutano wake wa mwezi. Na kama koperative haina mtu ndani ya CODESA, ni wakati wa kumtafuta, na ikiwezekana awe mama, juu mama ndiye anayejua njia ya maji saa 11 ya asubuhi.

Nne, tayarisheni mchango wenu kabla hajafika: mawe, mchanga, changarawe, udongo wa mfinyanzi, na mikono. Saruji na bomba ndivyo vigumu. Kwa hivyo zone inaweza kuwaunganisha na shirika linalojenga, na ripoti ya tekinisie ndiyo karatasi ya kwanza shirika litakayoomba kuona.

Tano, juu ya makuta. Kabla ya mtu kuja, ulizeni kwa maandishi kama kuna cha kulipa, na kiasi gani. Kama kipo, mulipe kwa ofisi na kupewa risiti yenye jina la koperative na muhuri. Anayeomba pembeni ya njia bila karatasi, mwambieni kwa heshima: "Tutalipa kwenye ofisi." Maji ya kunywa ni haki, Katiba ya 2006 inayataja katika kifungu cha 48. Haki haimaanishi kwamba saruji ni bure, lakini inamaanisha kwamba hamuendi kule kuomba huruma.

Kijiji safi kinapimwaje?

Mpango wa Village Assaini uko na vipimo vilivyo wazi. Kijiji kinaitwa safi kikifikisha haya: komite yenye kufanya kazi, angalau 80% ya watu wanapata maji ya kunywa, angalau 80% ya nyumba zinatumia choo cha usafi, angalau 80% zinatupa takataka mahali panapofaa, angalau 60% ya watu wananawa mikono kwa sabuni ao majivu kabla ya kula na baada ya choo, angalau 70% wanaelewa njia ya ugonjwa kutoka mavi mpaka mdomo, na namna ya kuikata, na kijiji kinafagiwa angalau mara moja kwa mwezi.

Angalieni vizuri: katika hivyo vipimo 7, ni kimoja tu kinachohitaji saruji nyingi. Vingine ni miti, udongo, majivu, jembe na mapatano. Takataka za jikoni na majani ni komposti, ambayo siye tunawahubiria kila siku. Kwa mkulima, kutupa takataka vizuri si mzigo, ni mbolea.

Lakini juu ya mbolea, onyo moja. Kuna wakulima wanaofungua choo kilichojaa na kupeleka vitu vyake katika migomba ao mboga. Vikiwa vibichi, ni hatari kubwa: mayai ya minyoo yanakaa hai muda mrefu sana. Shimo likijaa, lifungeni, mulifunike kwa udongo na kuliacha. Katika sehemu zenye joto, zaidi ya mwaka 1. Katika milima yenye baridi, mwaka 1 na nusu mpaka miaka 2. Na hata baada ya hapo, mutumie kwa miti na migomba, si kwa karoti, vitunguu wala lenga-lenga. Njia rahisi ni kupanda mgomba juu ya shimo lililofungwa na kuuacha ujilishe wenyewe.

Klore ikifika

Wakati wa kolera, munaweza kuona mjitolea akikaa pembeni ya maji na sindano isiyo na shimio, anatia klore katika kila bidoni. Msimpite. Kipimo anachotia kinapangwa na tekinisie baada ya kupima maji ya pale, kwa hiyo musiongeze wenyewe nyumbani, na musichukue kipimo cha kijiji kingine. Mungoje dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na matope, muyaache yatulie na kuyapitisha katika kitambaa safi kabla. Harufu kidogo ya klore si sumu. Ni alama kwamba dawa bado iko kazini. Bidoni nayo ioshwe ndani, na iwe na kifuniko, juu maji safi katika bidoni chafu ni kazi bure. Mahali pasipo klore, chemsheni maji mpaka yatoe mapovu makubwa, kisha muyahifadhi katika chombo kilichofunikwa.

Kazi ya mwezi huu

Chemchem iliyojengwa bila komite ni kama pompa bila mwenyewe: wote wanaitumia, hakuna anayeitengeneza. Chagueni watu wachache, wamama wawemo, wakiwa na kaye ya fedha inayosomwa mbele ya watu wote. Kila mwezi wazibue mfereji wa juu, watengeneze ua, wafagie mahali pa kuchotea. Kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, wapime tena kwa bidoni na saa, waandike. Maji yakipungua mwaka kwa mwaka, mutajua kabla ya shida, na mutaweza kupanda miti ya kienyeji kule juu kabisa ya mlima, mbali na ukuta.

Tunaomba kila koperative, katika mkutano wake ujao, ifanye mambo matatu tu. Itaje chemchem ambazo wanachama wake wanakunywa. Iulize, bila kumfedhehesha mtu, ni nani anayelima juu ya kila moja, na udongo ni wa nani. Kisha iandike ile barua kwa IT. Muanze na chemchem moja, ile yenye mapatano rahisi. Mvua kubwa zinakuja, na udongo wa juu hautangoja mkutano wa pili.